Mashahidi wa Anga: Kituo cha Boyden na Usiku wa Wananchi Kutazama Nyota



Nimeombwa nizungumzie vituo vya falaki vya vyuo vikuu, hasa zile jioni ambazo vituo hivyo huacha milango wazi ili yeyote aingie atazame nyota. Desturi hii ni ya siku nyingi. Kituo cha Lick cha Chuo Kikuu cha California, kilichoanza kazi mwaka 1888, kiliwatengea wananchi Jumamosi usiku tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, huwakaribisha wakazi wa mji siku za Jumatano katika miezi ya baridi: kwanza mazungumzo mafupi, kisha darubini, mawingu yakiruhusu. Ningeweza kuorodhesha hadi mchoke. Nimeona afadhali nichague kituo kimoja kilicho barani mwetu, chenye historia inayotugusa: Boyden, kilichopo Maselspoort, nje ya mji wa Bloemfontein, Afrika Kusini. Leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Free State.

Hoja yangu ni moja, na naitaja mapema ili mnipime kwayo. Elimu ya falaki husimama juu ya ushahidi: fulani alitazama, akaona, akaandika, na mwenzake akatazama tena kuhakikisha. Basi swali la kukiuliza kituo chochote cha falaki ni hili: mashahidi wake ni akina nani? Nitaonyesha kwamba kwa miaka mingi anga la kusini lilikuwa na mashahidi walioishi mbali nalo, na kwamba usiku wa wananchi, ukiendeshwa vizuri, ndio unaowarudishia wenyeji nafasi yao katika ushahidi huo.

Wosia wa mhandisi

Uriah Boyden alikuwa mhandisi wa Boston aliyepata utajiri kwa kuboresha mitambo inayozungushwa na maji. Alifariki mwaka 1879 akiacha zaidi ya dola 230,000 kwa sharti kwamba zitumike kuangalia nyota kutoka mahali palipoinuka, ambapo hewa haisumbui sana. Chuo Kikuu cha Harvard ndicho kilichopata fedha hizo. Mkurugenzi wa kituo chake cha falaki, Edward Pickering, alikuwa na haja iliyolingana na sharti hilo. Harvard iko Cambridge, Massachusetts, nyuzi 42 kaskazini ya ikweta. Mtu akisimama pale, sehemu kubwa ya anga la kusini haichomozi kabisa, si usiku wa kiangazi wala wa baridi. Pickering alikuwa na ndoto ya kupima nyota zote za mbinguni, na nyingi kati ya hizo zilikuwa chini ya upeo wa macho yake.

Akawatuma watu Peru. Mwaka 1889 walianza kazi kwenye mlima walioupa jina Mount Harvard, kisha wakahamia Arequipa, mji ulioinuka zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1896 ikafika huko darubini ya Bruce, yenye lenzi ya upana wa inchi 24, iliyogharimiwa na Catherine Bruce wa New York kwa dola 50,000. Haikutengenezwa ili mtu aweke jicho lake. Ilikuwa kamera. Iliandika nuru ya nyota kwenye bamba za kioo zilizopakwa dawa, na bamba hizo zikafungwa kwenye masanduku, zikapakiwa melini kwenda Boston.

Huko Cambridge zilipokelewa na wanawake walioajiriwa kuzisoma. Mmoja wao alikuwa Henrietta Leavitt, aliyelipwa senti 30 kwa saa. Alipewa picha za yale mawingu mawili hafifu ya nuru yanayoonekana kusini, Mawingu ya Magellan, ambayo leo tunajua ni galaksi jirani zetu. Aliweka bamba la usiku mmoja juu ya bamba la usiku mwingine na kusaka nyota iliyobadilisha mwanga wake. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 za namna hiyo. Mwaka 1912, akitumia nyota 25 za Wingu Dogo, alithibitisha kanuni iliyobadilisha falaki: nyota za aina iitwayo Sefeidi, kadiri zinavyochukua muda mrefu kung'aa na kufifia, ndivyo mwanga wake halisi unavyokuwa mkali zaidi. Kwa kuwa zote 25 zilikuwa ndani ya wingu moja, umbali wake kutoka kwetu ulikuwa karibu sawa, hivyo tofauti aliyoiona ilitoka kwenye nyota zenyewe.

Mara tu umbali wa Sefeidi chache ulipopimwa, kanuni hiyo ikawa kipimo cha kufikia mbali sana. Unahesabu siku za nyota, unajua ukali wake halisi, unaulinganisha na unavyouona, unapata umbali. Mwaka 1923 Edwin Hubble alipata Sefeidi katika Andromeda, na kwa kipimo hiki hiki akaonyesha kwamba Andromeda iko nje ya galaksi yetu.

Angalieni jinsi ushahidi huu ulivyopatikana. Mawingu ya Magellan hayachomozi Massachusetts. Leavitt aliyajua kuliko binadamu yeyote wa wakati wake, naye aliyajulia kwenye vioo, ndani ya chumba ambacho dirisha lake lisingeweza kuyaonyesha kamwe. Na wakulima wa Arequipa waliokuwa wakiyaona kila usiku usio na mawingu hawakuwa na bamba, wala orodha, wala habari kwamba kitu kilichokuwa juu ya mapaa yao kilikuwa kinafungua vipimo vya ulimwengu. Simlaumu Leavitt, alifanya kazi kubwa kwa ujira mdogo. Ninalosema ni kwamba jicho lilikuwa upande mmoja wa dunia na akili upande mwingine, na meli ya mizigo ndiyo iliyoviunganisha.

Darubini inahamia Afrika

Arequipa ilikuwa na kasoro: miezi ya mvua ilifunika anga kwa muda mrefu. Solon Bailey wa Harvard alikuwa amekwishakuja Afrika Kusini mwaka 1908 kupima hali ya anga, akaridhika. Nyanda za juu za Free State zina majira ya baridi makavu, na kuanzia Mei hadi Agosti usiku hufuatana bila wingu. Mwaka 1927 kituo chote kikahamishiwa Maselspoort, karibu mita 1,400 juu ya bahari, na darubini ya Bruce ikaja nacho. Mwaka 1933 ikaongezwa darubini ya kioo chenye upana wa mita 1.5, iliyoitwa Rockefeller kwa sababu ya mfuko uliotoa fedha. Wakati huo ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa katika nusu ya kusini ya dunia. John Paraskevopoulos, Mgiriki, alikisimamia kituo hicho hadi alipofariki mwaka 1951.

Harvard haikuwa peke yake. Chuo Kikuu cha Yale kilikuwa kimekwishaweka darubini Johannesburg. Chuo Kikuu cha Michigan nacho kilichagua Bloemfontein hiyo hiyo, juu ya kilima cha Naval Hill kilicho katikati ya mji. Profesa wake, William Hussey, alikuwa ameutamani mpango huo kwa miaka mingi. Alifariki London mwaka 1926 akiwa safarini kuja kuutekeleza. Msaidizi wake, Richard Rossiter, akaendelea na safari, na kuanzia mwaka 1928 akaanza kusaka nyota pacha, zile ambazo kwa jicho ni moja na kwa darubini ni mbili. Yeye na wenzake waligundua maelfu.

Sasa tazameni mji wenyewe. Ni Bloemfontein ambapo, tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walikutana kuunda chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Huo ndio mwaka wa kanuni ya Leavitt. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Ardhi iliyowazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao. Darubini za Harvard na Michigan zilitua katika nchi ambamo wengi walikuwa wakinyang'anywa ardhi waliyosimama juu yake, na chuo kikuu cha mji huo kilikuwa na kiliendelea kuwa cha Wazungu kwa miongo mingi. Sisemi kwamba wanafalaki ndio walioandika sheria zile. Nasema waliweza kufanya kazi nzuri, kwa uadilifu wa kisayansi usio na shaka, bila kulazimika kuwauliza majirani zao lolote wala kuwaeleza lolote. Bamba ziliendelea kwenda Cambridge. Mkusanyiko wa Harvard una bamba takriban nusu milioni kutoka kaskazini na kusini, nao ni hazina ya wanadamu wote. Ila ukitaka kujua anga la Free State lilikuwaje miaka ya 1930, hazina hiyo imehifadhiwa Marekani.

Tusidhani habari hii ni ya kusini peke yake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kupima anga kwa mionzi ya eksirei. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 vilichangia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu. Je, ni wanafunzi wangapi wa pwani waliowahi kuambiwa kilichoonwa na satelaiti ile?

Darubini kuukuu inapata kazi mpya

Katikati ya miaka ya 1950 Harvard ilipunguza fedha, na Boyden ikaendeshwa kwa ushirika wa vituo vya Ulaya pamoja na Harvard yenyewe. Mwaka 1976 ikakabidhiwa chuo kikuu cha Bloemfontein. Kwa vipimo vya ushindani wa kisayansi, hiyo ilikuwa hatua ya kushuka. Darubini ya mita 1.5 iliyokuwa fahari mwaka 1933 inaonekana ndogo ukiilinganisha na darubini ya SALT ya Sutherland, iliyozinduliwa mwaka 2005 katika nchi hiyo hiyo, ambayo kioo chake kimeundwa kwa vipande 91 na upana wake unakaribia mita 11. Utafiti haukufa Boyden. Chuo cha University College Dublin, kwa mfano, kimeweka hapo darubini inayojiendesha yenyewe kufuatilia milipuko ya mionzi ya gama. Lakini heshima ya kuwa mstari wa mbele wa falaki ilikuwa imekwenda mahali pengine.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nikichague kituo hiki. Chuo kikuu cha Bloemfontein kilitambua kwamba kimerithi vifaa vinavyofaa jicho la binadamu kuliko vifaa vya kisasa. Mwanafalaki wa SALT haweki jicho lake popote. Anakaa mbele ya skrini. Darubini ya zamani ya lenzi ya inchi 13, iliyokuja na kituo tangu enzi za Peru, unaweza kuinamia ukaona. Kikaundwa kikundi cha wapenzi wa falaki, Marafiki wa Boyden, wanaojitolea kuhudumia wageni. Kikaanzishwa kituo cha sayansi kwa ajili ya shule na familia. Siku za wazi zikawa sehemu ya maisha ya mahali hapo: mhadhara ukumbini, kisha watu kutoka nje kwenda kwenye darubini.

Na Naval Hill? Kituo cha Michigan kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jengo lake likageuzwa ukumbi wa maigizo. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Free State kilizindua ndani ya kuba la jengo hilo hilo ukumbi wa kidijitali wa kuonyesha anga, wa kwanza wa aina yake kusini mwa Sahara. Mahali ambapo Rossiter alihesabu nyota pacha usiku baada ya usiku, sasa huketi watoto wa shule za Bloemfontein, wa kila rangi, wakitazama juu.

Usiku wa wazi hufanyaje kazi?

Hapa naomba nikawie kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaweza kudhani kwamba ukishakuwa na darubini na watu, kazi imekwisha. Haijaanza.

Jambo la kwanza ni matarajio. Mgeni anakuja akiwa ameona kwenye simu yake picha za nebula zenye rangi nyekundu na buluu. Anainamia darubini, anaona ukungu wa kijivu. Anahisi amepunjwa. Mwelekezaji mzuri humwandaa kabla. Jicho linaona nuru ya sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha linaanza upya. Kamera ni pipa lililowekwa chini ya paa, linalokinga matone ya nuru kwa saa nzima. Tena chembe za jicho zinazofanya kazi gizani haziwezi kutofautisha rangi. Kwa hiyo ukungu ule wa kijivu ndio ukweli wa jicho, na nuru yenyewe, ikiwa unatazama nebula ya Jabari, imesafiri takriban miaka 1,300 kuja kuishia ndani ya mboni yako. Mtu akielewa hivyo huinama mara ya pili, na safari hii hukaa zaidi.

Jambo la pili ni giza. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 ili dawa yake ya asili ya kuonea gizani ijazane, na mwanga mweupe wa simu moja huifuta mara moja. Ndiyo maana vituo hutumia tochi nyekundu, na ndiyo maana mhadhara hutangulia na matembezi ya polepole hufuata.

Jambo la tatu ni kuchagua cha kuonyesha. Wengi hufikiri usiku wa mwezi mpevu ndio mzuri. Ndio mbaya kuliko yote. Jua linaupiga mwezi usoni, vivuli vinatoweka, milima yake inakuwa bapa, na mwanga wake unameza nyota. Chagua mwezi ukiwa nusu, siku ya saba hivi baada ya kuandama. Kwenye mpaka wa mchana na usiku wa mwezi, kila ukingo wa shimo hutupa kivuli kirefu, na mtoto wa miaka sita anaona mwenyewe kwamba ile ni nchi yenye mabonde.

Kisha anga la kusini lina vitu ambavyo Harvard ilivifuata ng'ambo ya bahari. Rijili Kantori, nyota angavu jirani ya kundi la Salibu, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.4, hugawanyika kuwa mbili mbele ya macho yako. Omega Kantarusi, ambayo kwa jicho ni doa hafifu, hufunguka kuwa fungu la nyota zisizohesabika; wataalamu hukadiria zinafika milioni 10.

Jambo la nne ndilo kubwa. Zohali ikionekana vizuri na pete zake, hatakosekana mtu wa kuuliza kama hapo ndani haikubandikwa picha. Waelekezaji wa dunia nzima wamelisikia swali hilo. Mwelekezaji asiye makini hucheka. Aliye makini hufurahi, kwa sababu huyo ndiye amefika mahali pa sayansi: anadai ushahidi. Jibu lake lipo. Zima mota inayoifanya darubini ifuate anga. Mwambie mgeni aendelee kutazama. Zohali itaanza kuteleza pole pole, itafika ukingoni, itatoka. Picha iliyobandikwa haiondoki. Dunia ndiyo imezunguka, na mgeni ameiona ikizunguka.

Vivyo hivyo kwa Mshtarii. Mchoree mgeni miezi yake minne ilivyokaa saa moja usiku, kisha mwambie arudi saa nne. Io, ulio karibu zaidi, humaliza mzunguko kwa muda wa saa 42 na ushei, hivyo baada ya saa tatu mchoro wa kwanza haufanani na wa pili. Galileo alifikia hitimisho lake mwaka 1610 kwa michoro ya namna hiyo. Mgeni huyo naye hatategemea tena kuambiwa.

Desturi tuliyo nayo tayari

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wenye darubini, nasi tuna shida nyingine. Namkumbusha kwamba pwani yetu ina usiku wa wananchi wa kutazama anga tangu karne nyingi. Jua linapozama mwisho wa siku ya 29 ya Shaabani, watu hutoka ufukoni, hupanda mapaa na vilima, wakaelekeza macho magharibi kutafuta hilali. Aliyeuona mwezi haishii kushangilia. Huenda kwa kadhi au kwa kiongozi wake akatoa ushahidi. Huulizwa: uliuona wapi, saa ngapi, ulikaaje, nani mwingine alikuwepo? Anga lilikuwa na mawingu upande gani? Ushahidi hupokelewa au hukataliwa kwa sababu zinazotajwa.

Sitaki kuingia katika mjadala wa mwandamo wa ndani na wa kimataifa. Una wenyewe wenye elimu yake. Ninachotaka mwone ni muundo. Jioni inajulikana na kila mtu. Kutazama ni haki ya yeyote mwenye macho. Neno la aliyeona lina uzito, na uzito huo unapimwa hadharani. Vyuo vikuu vya nchi nyingine vimetumia miaka mingi kuwafundisha wananchi wao mambo haya matatu. Kwetu yapo, na mvuvi wa Lamu au Bagamoyo anayajua bila kusoma falaki. Chuo kikuu kikimkaribisha mvuvi huyo, kinampokea mtu mwenye uzoefu wa kutoa ushahidi wa anga, na kimheshimu hivyo.

Tufanye nini?

Vipingamizi navijua. Cha kwanza ni fedha. Kituo chenye kuba ni ghali, lakini usiku wa wananchi hauhitaji kuba. Darubini ya kioo cha upana wa sentimita 20 juu ya kitako cha mbao haizidi bei ya kompyuta mpakato nzuri, nayo inaonyesha karibu kila kitu nilichokitaja leo. Kinachogharimu zaidi ni watu: mwalimu mmoja na wanafunzi wachache wanaojua anga na wanaojua kuzungumza na watu bila kuwadharau.

Cha pili ni mawingu. Pwani ya masika haina huruma. Kwa hiyo panga msimu, Juni hadi Oktoba kwa mfano, na usiku wa mawingu usiahirishwe. Fanyeni mhadhara, watu waguse darubini, wajue inavyofanya kazi.

Cha tatu ni taa za mji. Si lazima Dar es Salaam au Mombasa nzima izime. Inatosha chuo kizime taa za kiwanja chake kwa saa mbili. Mwezi na sayari hazijali sana taa. Nyota hafifu ndizo zinazojali.

Na tuna bahati ambayo Bloemfontein haina. Sisi wa karibu na ikweta tunaona anga la pande zote mbili. Usiku wa mwisho wa Mei, mnamo saa mbili na nusu, ukiwa Dodoma au Dar es Salaam, Salibu inasimama kusini na Dubu Mkubwa anainuka kaskazini kwa wakati mmoja. Pickering alilazimika kuwa na vituo viwili katika mabara mawili ili aone hayo yote.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chuo kikuu chetu chenye idara ya fizikia kitenge jioni moja ya kila mwezi isiyobadilika, mwezi ukiwa nusu, bila kiingilio wala barua ya mwaliko. Isiyobadilika, kwa sababu mwananchi anayefika akakuta mlango umefungwa hurudi mara chache.

Pili, mwelekezaji asimwambie mgeni anachokiona. Amuulize kwanza: umeona nini? Jibu liandikwe kwenye daftari, kwa maneno ya mgeni mwenyewe, kwa Kiswahili chake, pamoja na saa na hali ya anga. Baada ya hapo maelezo yatolewe.

Tatu, tuwape wananchi kazi ya kweli. Shirika la Marekani la waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga, lililoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio kutoka kwa watu wa kawaida duniani kote. Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu ya Jabari, ilipofifia ghafla mwisho wa mwaka 2019, makadirio ya watu wa namna hiyo yalikuwa sehemu ya kumbukumbu ambayo wanasayansi waliitumia. Nasi tuna nyota yetu ya kuanzia. Katika kundi la Mkuku, lile lile lenye nyota ya Suheli inayojulikana na kila nahodha, iko nyota iitwayo l Carinae. Ni Sefeidi, ya aina ile ile aliyoisoma Leavitt. Haihitaji darubini; jicho linatosha. Hung'aa na kufifia kwa muda wa siku 35 na nusu, na kutoka Harvard haionekani kabisa.

Wanafunzi wa shule moja ya sekondari wakiilinganisha na nyota jirani kila usiku usio na mawingu kuanzia Machi hadi Juni, wakichora namba zao kwenye karatasi ya mraba, watapata mstari unaopanda na kushuka. Watahesabu siku zake wenyewe. Kutokana na siku hizo, kwa kanuni ya mwaka 1912, mwalimu wao wa fizikia anaweza kuwaonyesha hesabu ya umbali. Kazi hiyo haina gharama zaidi ya daftari na kalamu, na inaweza kuanza mwezi Machi ujao. Walimu wa sekondari mliomo humu mtakaotaka ramani ya nyota hiyo na za jirani zake, andikeni majina yenu hapa mbele kabla hamjaondoka.